Nilipasuliwa mwaka 2021, sina hata karatasi moja: nitapataje kumbukumbu zangu na rufaa ya kumwona bingwa wa endometriosisi?

Mwalimu wa Mufindi

Ndugu zangu, heshima kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mufindi, nina umri wa miaka 31, na ninaomba msaada wa watu wanaozijua hospitali zetu za Nyanda za Juu Kusini kwa ndani.

Tangu nikiwa kidato cha pili nimekuwa nikiumwa tumbo la hedhi kiasi cha kutapika na kulala chini sakafuni, kwa sababu ubaridi wa saruji ndio pekee ulionipa nafuu kidogo. Nyumbani waliliita chango, nikanyweshwa mizizi ya kila aina. Zahanati niliandikiwa dawa za UTI, safari nyingine dawa za maambukizi ya via vya uzazi, mara nyingi hata mkojo haukupimwa. Wengi waliniambia kwamba nikizaa yatakwisha. Nimeolewa huu ni mwaka wa sita, sijajaliwa mtoto, na maumivu hayajakwisha.

Mwaka 2021 nilizidiwa, nikapelekwa hospitali moja ambayo sitaitaja, ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kifuko cha mayai, nikapasuliwa. Siku ya kuruhusiwa nilipewa karatasi ya dawa na tarehe ya kutoa nyuzi, basi. Muuguzi mmoja aliniambia kwa mdomo tu kwamba uvimbe ule ulikuwa na damu nzito ya rangi ya chokoleti, na kwamba kinyama kimepelekwa maabara. Majibu ya kinyama hicho sijayaona hadi leo. Nilipata nafuu kwa mwaka mmoja na nusu, kisha maumivu yakarudi, na sasa nikiwa kwenye siku zangu hata kwenda haja kubwa ni mateso.

Mwezi uliopita daktari wa hospitali ya wilaya alinisikiliza kwa utulivu ambao sijawahi kuupata kwingine, akasema anahisi ni endometriosisi, yaani ugonjwa ambao nyama inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, na kwamba angependa kuniandikia rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, lakini kwanza nimletee taarifa ya ule upasuaji. Nimerudi kule mara mbili. Mara ya kwanza dirishani waliniambia faili halionekani. Mara ya pili mtumishi mwingine aliniambia kwamba kumbukumbu ni mali ya hospitali na mgonjwa hapewi. Kila safari ni siku nzima ya kazi, na watoto wa darasa la nne wanabaki bila mwalimu.

Naomba kujua kama nina haki ya kupewa kumbukumbu hizo, niombe nini hasa na kwa nani, na kama rufaa lazima isubiri mpaka karatasi zipatikane. Nina kadi ya NHIF, ile bima ya afya ya taifa.

Mtunza Kumbukumbu, Mbeya

Pole sana, mwalimu. Nimefanya kazi katika vyumba vya kumbukumbu za wagonjwa kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kwa upande ninaoujua.

Tuanze na haki. Ni kweli kwamba lile jalada lenyewe, pamoja na makaratasi yake halisi, hubaki chini ya uangalizi wa hospitali, na halipaswi kutoka. Lakini taarifa zilizomo ndani yake ni zako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sheria hiyo inampa mtu haki ya kuomba kuziona taarifa zake zinazoshikiliwa na taasisi yoyote, ya umma au ya binafsi. Taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa binafsi nyeti, ambalo sheria inalilinda zaidi. Kwa hiyo aliyekwambia kwamba mgonjwa hapewi alichanganya mambo mawili: kuchukua faili, jambo ambalo huwezi, na kupewa nakala au muhtasari wa yaliyomo, jambo ambalo unayo haki ya kuliomba. Wala usimchukie, wengi dirishani hawajafundishwa tofauti hiyo, na wanaogopa kutoa siri ya mgonjwa kwa mtu asiyehusika.

Ndiyo maana nakushauri uache kuomba kwa mdomo dirishani. Andika barua kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali hiyo (ikiwa ni hospitali ya kanda, barua huenda kwa Mkurugenzi Mtendaji), na ukae na nakala yako iliyogongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ombi la mdomo hufa zamu inapobadilika, lakini barua yenye mhuri inabaki na mtu fulani lazima aijibu. Ambatisha nakala ya kitambulisho chako cha taifa na nakala ya kadi ya bima.

Katika barua usiandike tu kwamba unaomba kumbukumbu zako, kwa maana utapewa karatasi ile ile ya dawa. Taja vitu kwa majina yake. Unaweza kuandika hivi: "Ninaomba nakala ya taarifa ya upasuaji niliofanyiwa mwezi fulani mwaka 2021, muhtasari wa kuruhusiwa kwangu kutoka wodini, taarifa ya ultrasaundi iliyofanyika kabla ya upasuaji, na majibu ya patholojia ya kinyama kilichotolewa, kwa ajili ya kuendelea na matibabu kwa daktari bingwa." Hayo maneno ya mwisho yana uzito, kwa sababu yanamwonyesha msomaji kwamba hutafuti kesi.

Sasa kuhusu faili lisiloonekana. Katika uzoefu wangu, mara nyingi faili huwa lipo, ila linatafutwa kwa jina lisilo sahihi. Mgonjwa amekuja amezidiwa, aliyemsindikiza ndiye aliyetaja majina, na mwandishi akaandika kama alivyosikia. Huku kwetu ambako l na r zinabadilishana midomoni kila siku, nimeona faili la mgonjwa mmoja likitafutwa miezi mitatu kwa sababu ya herufi moja tu katika jina la baba. Wengine huandikishwa kwa jina la mume. Waombe watafute kwa kila namna ambayo jina lako linaweza kuandikwa, na pia kwa namba ya simu iliyotumika siku ile, ambayo pengine ni ya mume wako au ya shemeji.

Faili likikosekana kabisa, bado zipo njia nyingine. Kila chumba cha upasuaji kina daftari lake, ambamo huandikwa tarehe, jina la mgonjwa, umri, aina ya upasuaji na jina la daktari aliyepasua. Daftari hilo halipotei kwa urahisi kama faili. Omba litazamwe kwa mwezi uliopasuliwa. Njia ya pili ni bima: kama ulitibiwa kwa kadi, hospitali iliandaa fomu ya madai ili ilipwe, na fomu hiyo hubeba namba ya faili na tarehe. Njia ya tatu ni maabara ya patholojia, ambayo huipa kila sampuli namba yake na kuitunza katika rejista yake yenyewe. Vinyama huhifadhiwa kwenye vibonge vya nta, vinavyoweza kukaa miaka mingi na kusomwa upya. Ikiwa hospitali ile haina maabara hiyo, sampuli ilipelekwa kwingine, na lazima kuna mahali ilipoandikwa imekwenda wapi.

Ukipita muda wa kutosha bila jibu lolote, onana na ofisi ya huduma kwa wateja ukiwa na nakala yako yenye mhuri. Ngazi ya juu zaidi ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo hupokea malalamiko, ingawa natumaini hutafika huko.

Msafiri wa Ipogolo

Dada yangu, mimi ningekuwa wewe nisingehangaika na makaratasi ya zamani. Shemeji yangu alipanda basi hadi Dar es Salaam, akamwona bingwa katika hospitali ya binafsi, akaanza vipimo upya. Alilipa fedha nyingi, lakini ndani ya wiki mbili alikuwa na majibu.

Muuguzi wa Makambako

Ndugu Msafiri, nia yako ni njema, na mwenye uwezo hakatazwi. Ila naomba kutofautiana nawe juu ya karatasi za zamani, kwa sababu katika ugonjwa huu zina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Mwalimu, uvimbe wenye damu nzito ya rangi ya chokoleti kwenye kifuko cha mayai ni aina inayojulikana sana ya endometriosisi. Kila upasuaji wa uvimbe huo unaweza kuondoka na sehemu ya mayai ambayo mwanamke amebakiwa nayo. Kwa hiyo bingwa atakayekuona, hasa kwa kuwa unatafuta mtoto, atataka kujua ni upande gani ulipasuliwa, kama ulitolewa uvimbe tu au kifuko chote, kama mirija ilionekana wazi au imeziba, na kama utumbo ulikuwa umegandamana na mji wa mimba. Hayo yote aliyaona kwa macho yule aliyekufungua tumbo mwaka 2021, na ultrasaundi ya leo haiwezi kuyarudisha yote. Asipoyajua, anaweza kulazimika kukupasua tena ili ayaone.

Pamoja na hayo, jibu la swali lako la tatu ni kwamba rufaa haipaswi kusubiri karatasi. Rudi kwa daktari wako wa wilaya, mweleze kwamba umeandika barua na mwonyeshe nakala yenye mhuri, kisha umwombe kwa heshima aandike rufaa kwa dalili ulizonazo na kwa historia uliyomweleza. Daktari anaruhusiwa kuandika kwamba mgonjwa alifanyiwa upasuaji mwaka 2021 na taarifa zake zinafuatiliwa. Karatasi zitakukuta njiani. Nimewaona wagonjwa waliosubiri faili mwaka mzima huku ugonjwa haukusubiri.

Kuhusu kwa kwenda, ngazi zetu unazijua: kutoka wilaya unaweza kupelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa pale Iringa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambayo huduma zake za wanawake na uzazi ziko Meta. Juu ya hapo kuna Benjamin Mkapa Dodoma na Muhimbili Dar es Salaam. Kabla ya kupanda basi, ulizia mambo mawili kwa simu: siku za kliniki ya bingwa wa wanawake, na kama kipimo au dawa unayotarajiwa kuandikiwa inahitaji kibali cha bima. Ukifika kwenye hospitali ya juu bila barua ya rufaa unaweza kurudishwa mlangoni, isipokuwa ukiwa katika hali ya dharura. Maumivu makali ya ghafla yasiyotulia, homa pamoja na tumbo kuwa gumu, au kuzimia, ni dharura. Hapo nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo bila kuuliza rufaa.

Niongeze jambo moja ambalo huwaumiza wengi. Ultrasaundi ikitoka safi, haimaanishi kwamba huna endometriosisi. Kipimo hicho huona uvimbe kwenye vifuko vya mayai, na mtaalamu mzoefu huweza kuona mengine, lakini madoa madogo yaliyotapakaa kwenye utando wa tumbo kwa kawaida hayaonekani. Laparoskopi, yaani upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, huyaona, lakini siku hizi daktari anaweza kuanza matibabu kwa kuzingatia dalili bila kusubiri upasuaji huo. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuumaliza kabisa. Zipo dawa za maumivu na dawa za homoni za kuutuliza, na upo upasuaji. Nyingi kati ya dawa za homoni huzuia mimba wakati unazitumia, kwa hiyo mwambie bingwa mapema, hata kabla hajauliza, kwamba unatafuta mtoto, ili mpango upangwe kwa kulizingatia hilo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wanaishi na endometriosisi, ambao ni kama milioni 190, na kwamba ugonjwa huchelewa kutambuliwa kwa wastani wa miaka kati ya 4 na 12. Wewe uliumwa tangu kidato cha pili. Naomba radhi kwa niaba ya sisi watoa huduma tuliokuandikia dawa za UTI bila kukupima.

Mama Aliko wa Tukuyu

Mwalimu, mdogo wangu, nimesoma habari zako nikalia, maana umesimulia maisha yangu. Mimi sina elimu ya hospitali kama hawa waliotangulia, ila nina daftari.

Kwa miaka kumi na moja niliambiwa ni chango. Jina la ugonjwa nililipata pale Miss Tanzania wa mwaka 2001, Happiness Millen Magese, aliposema hadharani kwamba anaumwa endometriosisi na akaeleza dalili zake moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimekaa jikoni nachambua maharage, nikaacha. Kila alichokitaja nilikuwa nacho.

Lakini kulijua jina hakukunisaidia kitu mbele ya daktari. Nilipoingia chumbani mwake niliulizwa unaumwa nini, nikasema tumbo, nikaulizwa tangu lini, nikasema siku nyingi, nikaandikiwa dawa za maumivu nikatoka. Dakika tano zilikwisha. Ndipo mwanangu mkubwa akanipa kaunta buku lake la shule lililobaki nusu, akaniambia mama, andika. Nikaanza kuandika kila siku: tarehe, damu imetoka au haijatoka, maumivu ni mangapi katika kumi, yako wapi, nilikunywa dawa gani na ilinisaidia kwa saa ngapi, nililala chini au nilikwenda shambani. Niliandika hata yale ya aibu, kwamba tendo la ndoa linaniuma na kwamba naenda haja kubwa nikiwa nimeshika ukuta. Mume wangu aliyasoma siku moja bila mimi kujua, na tangu siku hiyo hakuninunia tena usiku.

Baada ya miezi mitatu nilirudi na daftari. Daktari alifungua ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, akavuta kiti, akakaa. Aliona mwenyewe kwamba maumivu yanaanza siku mbili kabla ya damu na kwamba mwezi baada ya mwezi yanapanda. Aliandika rufaa siku ile ile, na katika barua alinakili mistari kutoka kwenye daftari langu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiende Mbeya mikono mitupu hata kama lile faili halijapatikana. Anza kuandika leo. Na siku ya kliniki uende na mtu, awe mume wako au dada yako, kwa sababu utaambiwa mambo mengi na nusu yake utayasahau kabla hujafika stendi. Mwenzako akae anaandika. Nakala zote uziweke kwenye bahasha moja ya khaki, na kabla ya kuziacha popote uzipige picha kwa simu. Mimi ripoti yangu moja ya ultrasaundi ilibaki mezani kwa daktari, na sikuiona tena.

Mwalimu wa Mufindi

Ndugu zangu, ni wiki saba zimepita, na niliona si uungwana kunyamaza baada ya msaada mlionipa.

Nilipeleka barua kama alivyoelekeza Mtunza Kumbukumbu, nikagongewa mhuri. Siku ya tisa nilipigiwa simu. Kijana wa chumba cha kumbukumbu alianza na daftari la chumba cha upasuaji, akaliona jina langu katika mwezi wa Agosti 2021, na ndipo ikajulikana kosa lilikuwa wapi: jina la baba yangu lilikuwa limeandikwa kwa l mahali pa r. Faili lilikuwepo rafuni muda wote. Kijana yule aliniomba radhi mwenyewe, na namshukuru.

Nilipewa nakala ya taarifa ya upasuaji, ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, pamoja na muhtasari wa kuruhusiwa. Majibu ya patholojia hayakuwemo. Ipo namba tu ya sampuli na jina la maabara ilikopelekwa.

Daktari wa wilaya alikuwa ameshaniandikia rufaa kabla faili halijapatikana, nilipomwonyesha nakala yenye mhuri na kurasa kumi na nne za daftari langu. Juzi nilifika Meta na mume wangu, tukiwa tumelala Mwanjelwa kwa ndugu ili tuwahi foleni. Bingwa aliisoma ile taarifa ya mwaka 2021 taratibu, kisha akatutafsiria mstari baada ya mstari, na mume wangu akawa anaandika: uvimbe wa upande wa kushoto umetolewa, kifuko kimebaki, upande wa kulia ni mzima, nyuma ya mji wa mimba kuna mgandamano na utumbo. Mstari huo wa mwisho ulikuwa umekaa kwenye rafu miaka yote hiyo, nami nikiambiwa kwamba shida yangu ya haja kubwa inatokana na kutokunywa maji.

Amenipa dawa za maumivu za kuanza siku mbili kabla ya hedhi, ameagiza ultrasaundi mpya na vipimo vya uzazi kwa wote wawili, mimi na mume wangu, na ametupangia kurudi likizo ya Desemba ili nisikose vipindi. Ameniomba niendelee kufuatilia majibu ya kinyama, kwa hiyo barua ya pili, ya kwenda maabara, nimeiandika jana usiku nikiwa na ile namba ya sampuli. Jumatatu nitaipeleka ikagongwe mhuri.